Nywele za Safari

Niseme kwanza jambo ambalo si la kujivunia: kwa miaka sita niliyosuka nywele Juba sikuwahi kupingana na kichwa nilichokishika. Mteja akisema vita vinaletwa na Wamarekani, nilimwambia ni kweli dada, wale hawashibi. Anayemfuata akisema Wamarekani ndio pekee waliotujali, na tangu wafunge mkono zahanati hazina dawa, nilisema hilo nalo ni kweli, tutawakumbuka. Bendera hufuata upepo, nami nilipepea vizuri. Nilijidanganya kwamba ni adabu ya kazi. Mtu amekaa kitini kwa saa sita, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima. Hata ukimtukana hawezi kutoka nje akiwa hivyo. Nilimwonea huruma, nikamkubalia kila kitu.

Saluni yangu ni kontena la chuma pale New Site, lina viti viwili, kioo chenye ufa, na feni inayofanya kazi siku ambayo sola imeamka vizuri. Mkono wa kulia kuna duka la Mganda anayeuza vipuri vya bodaboda. Mbele ya mlango wangu, chini ya turubai la bluu, ndipo anapokaa Mama Chai na jiko lake la makaa, birika mbili, na viti vya plastiki vya kutosha kumfanya mwanamume yeyote ajione mbunge.

Mama Chai ni mwenyeji wa hapa lakini amekulia kambini Kakuma, kwa hiyo Kiswahili chake ni cha kwetu Kenya, Kiarabu cha Juba kikichungulia hapa na pale. Vita vilivyopita vilimpokonya mume. Alibaki na binti mmoja wa miaka kumi, mrefu, mwenye maswali mengi, na dada yake aliyekuwa kambini ng'ambo ya mpaka wa Uganda, Adjumani. Mimi na yeye tulihitajiana kila siku. Misuko ikimalizika, ncha zake lazima zichovywe kwenye maji yanayochemka, la sivyo zinafumuka, na maji hayo yalitoka kwenye birika lake. Aliyaleta mwenyewe, akashika beseni nyuma ya kiti huku mimi nikichovya. Wateja wangu wakubwa walimwona kama sehemu ya kiti.

Mwaka ule maneno ya vita yalizidi. Huko kaskazini kulikuwa kunawaka, wakubwa wa mjini walikuwa hawasalimiani, na wanajeshi wa Uganda walikuwa wameingia. Chini ya turubai watu hawakuzungumza kingine.

"Mimi iko hapa miaka kumi," Mganda alisema kila asubuhi akikoroga sukari. "Vita iko wapi? Jeshi yetu imekuja. Nani nataka kufa?"

Karani mstaafu, mzee wa Juba aliyejifunza Kiswahili akiwa mkimbizi Arua, alimngoja amalize. "Nyinyi watu ya Kiswahili mnasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Haya. Mchina amekuja kwa petroli. Mwarabu wa Ghuba amekuja kwa dhahabu. Wewe umekuja na jeshi. Mwenyeji amepona wapi? Nionyeshe mwenyeji moja tu amepona."

"Mzee, bila sisi wewe nakula nini? Nyanya natoka kwetu. Mayai natoka kwetu."

"Ndiyo hiyo! Mpaka yai ni ya kigeni!"

Watu walicheka, na mzee akapata nguvu. Akaeleza kwamba bomba letu la mafuta linapita Sudan, na Sudan inaungua, na anayeiunguza anakaa mbali kwenye kiyoyozi. Akaeleza kwamba Mrusi alipoanza kupigana na jirani yake, mkate wa New Site ukawa mdogo kama sabuni ya hoteli. Mzee yule angeweza kukupeleka Moscow na kukurudisha kabla chai haijapoa.

Wa tatu alikuwa dereva wa lori, Mkenya mwenzangu, ambaye hulala na lori lake Nesitu kabla ya kuingia mjini. Huyo hakuwa na habari na Moscow. "Wazee, hakuna vita, kuna dili. Wakubwa wakikosana ni risasi, wakipatana ni hoteli Nairobi, picha na msosi. Sisi huwa tunangoja tu barabara ifunguliwe."

Siku moja Mama Chai aliweka birika chini akawasimamia, mikono kiunoni.

"Kalam yenu, maneno yenu yote, nimesikia. Sasa mniambie kitu kimoja. Mtoto wangu nimpeleke kwa dada yangu Adjumani ama nisimpeleke?"

Mzee alisema inategemea Wamarekani watatoa tamko gani. Dereva alisema angoje kidogo, wiki ijayo itajulikana. Mganda alisema mpaka uko wazi, haraka ya nini. Wanaume watatu walioweza kukuambia dunia nzima inawaza nini hawakuweza kumwambia mama mmoja afanye nini kesho. Nilimwona akichukua vikombe vyao kabla hawajamaliza.

Kwake halikuwa jambo la kupanda gari na kwenda tu. Aliniambia siku ile ile akiwa ameshika beseni: "Dada, mimi nilikulia kwa hema. Niliapa mtoto wangu atalala chini ya bati lake. Nikimrudisha kambini bure, halafu vita isikuje, nitamwambia nini? Na nikikaa naye halafu ikuje?" Nami nikasema, kama kawaida yangu, ni kweli kabisa, ni vigumu.

Sasa nifike kwenye nywele. Wake wa wakubwa wana desturi yao. Wanakuja na magari yenye vioo vyeusi, wanasuka mistari minene au matuta ya wiki moja, kwa sababu wiki ijayo wana muda wa kurudi na wana hamu ya kubadilisha. Hawapendi misuko midogo. Inachosha, inavuta kichwa, inachukua siku nzima. Misuko midogo ni ya mtu asiyejua lini atapata msusi mwingine, kwa sababu inakaa miezi mitatu bila kuguswa. Mwaka wangu wa kwanza hapa niliona wawili wakiiomba wiki moja, wao na binti zao, nikadhani ni fasheni mpya. Siku chache baadaye tulikuwa tumelala chini ya vitanda, risasi zikilia nje. Tangu hapo nilizijua: hizi ni nywele za safari.

Wiki hiyo ninayoisimulia, Jumamosi alikuja wa kwanza. "Ndogo ndogo," alisema, "kama uzi." Jumapili baada ya kanisa akaja wa pili na binti zake wawili. Jumatatu akaja wa tatu, mwenye sauti ya upole, ambaye watoto wake walisoma Nairobi na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Alipokaa aligusa kipaji cha uso wake akasema anataka ndogo kabisa, na mtoto wake wa mwisho pia. Nikahesabu: huyu wa tatu, siku ya tatu. Tulipofika ncha, Mama Chai akashika beseni nyuma yake, akachungulia ile misuko akasema kwa mshangao, "Wallahi, kazi nzuri." Mama yule alinitazama mimi tu, kwenye kioo.

"Wewe ni fundi mzuri," alisema. "Mafundi wazuri hawana maneno."

Alilisema kwa tabasamu. Mimi ni mgeni, nina kibali cha kufanya kazi ambacho ofisa yeyote akiamka vibaya anaweza kukichana. Nilitabasamu pia.

Jumanne asubuhi nilifunga saluni saa moja nzima, nikaenda kukata tiketi ya basi la Nairobi kupitia Nimule mpakani, la Jumamosi. Sikumwambia mtu. Niliporudi niliikunja nikaitia kwenye droo, chini ya visokoto vya nywele za kusukia, nikafunga aproni yangu.

Mama Chai aliingia kabla sijakaa. Alikaa kwenye kiti cha wateja, jambo ambalo hakuwahi kufanya, akanitazama kwenye kioo kama wao wanavyonitazama.

"Dada, wale wa turubai nimewaacha na Amerika yao. Nakuuliza wewe. Wewe unashika vichwa vya wake wa wakubwa. Wanasemaje? Kuna kitu?"

Nimeirudia dakika hiyo mara nyingi kuliko nilivyowahi kusali. Hawakuwa wamesema kitu. Huo ndio ulikuwa ujanja niliojipa. Hakuna aliyesema neno vita kwenye kiti changu wiki hiyo. Lakini hiyo haikuwa sababu. Niliogopa kwamba nikimwambia, atawaambia wa turubai, na jioni hiyo hiyo neno litakuwa limefika kwenye gari lenye vioo vyeusi, na Jumamosi itanikuta bado nipo. Halafu kulikuwa na uso wake. Ulikuwa umechoka kuhama. Uliniomba niseme hakuna kitu, nami nina miaka sita ya kuupa kila uso unachotaka.

"Mafi kitu, hakuna kitu," nikasema, kwa Kiarabu chake hata, ili nimtulize zaidi. "Ni maneno ya mitandao. Kaa na mtoto wako."

Mabega yake yalishuka. Alishika mkono wangu akaubusu. Nilitamani anizabe kofi.

Alhamisi, saa kumi alasiri, ilianza. Kwanza mlio mmoja upande wa mtaa wa Gurei, kisha mingi, kisha ule mzito ambao unausikia tumboni kabla ya masikioni. Viti vya turubai vilianguka vyote kwa pamoja. Mganda alijifungia dukani kwake na nilisikia makomeo matatu. Mama Chai aliingia kwangu akimburuta binti kwa mkono, birika zimepinduka, makaa yamemwagika barabarani, nikafunga mlango wa chuma. Tukakaa sakafuni kati ya viti viwili, watu watatu na harufu ya mafuta ya nywele.

Kontena likifungwa huwa tanuri. Feni ilikufa jioni hiyo. Tulikuwa na jagi moja la maji ya kuoshea nywele, nusu mkate, na pakiti ya biskuti ya wateja. Simu zilikosa mtandao, kisha zikapata, kisha zikakosa. Kila zilipopata, yalimiminika maoni. Shangazi yangu wa Kitale aliniandikia kwamba ni mpango wa mataifa makubwa na ushahidi upo kwenye video. Binamu akasema Afrika tujifunze kujitegemea. Mtu fulani kwenye kundi la kanisa alieleza vizuri sana historia ya mikataba yote. Hakuna aliyeuliza tuna maji kiasi gani. Kupitia bati tulimsikia Mganda akiongea na nyumbani kwake kwa simu, kwa sauti ya mtoto, akisema hapana, hapana, hapana. Neno jeshi yetu hakulitaja tena.

Ijumaa mchana, kati ya mlio na mlio, binti alianza kutetemeka na hakuweza kuacha. Mama yake alimshika, akamwimbia, haikufaa kitu. Mimi sina dawa ila mikono. Nilimkalisha kati ya magoti yangu, nikachukua kitana, nikagawa nywele zake. Nilitaka ajishughulishe kuhesabu.

"Hesabu," nikamwambia. "Kila nikimaliza mmoja unasema namba."

"Moja," alisema. "Mbili." Akafika thelathini, na mabega yakatulia. Akaanza na maswali yake. Akauliza kama Wamarekani wanajua kwamba yuko ndani ya kontena. Nikamwambia hapana, hawajui. Hapo ndipo nilipomwambia mtu ukweli kwa mara ya kwanza mwezi huo.

Alipofika sitini, mama yake, aliyekuwa ameegemea ukuta macho yamefumba, aliyafumbua. Alitazama vidole vyangu kwa muda mrefu.

"Mbona ndogo hivyo?"

"Zidumu," nikasema. "Barabara ikifunguka, huko aendako hatahitaji..."

Nikanyamaza. Nilikuwa nimesuka bila kufikiri, kama mikono ilivyozoeshwa wiki hiyo. Yeye alisogea akashika msuko mmoja, akauviringisha kati ya vidole viwili. Alikuwa ameshika beseni nyuma ya vichwa vile vyote. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu.

"Kama za wale mama," alisema polepole. "Wao na watoto wao." Akahesabu kitu kimoyomoyo, midomo ikicheza. "Wote wameenda, si ndiyo? Ulijua."

Ningeweza kukana. Nilisema, "Nilijua."

Nilingoja matusi. Risasi zilipita mbali, kisha karibu, na hakuna aliyeinama. Binti alikuwa ameacha kuhesabu, anatutazama kwa zamu. Mama Chai aliachilia ule msuko taratibu asimvute mtoto.

"Maliza kichwa," akasema.

Nikamaliza. Ilikuwa mia moja na arobaini na mbili, nakumbuka kwa sababu binti aliendelea kuhesabu kwa kunong'ona, na mama yake akakaa ameelekea mlango mpaka Jumapili milio ilipokoma na mtu akagonga mlango kutuambia tutoke.

Basi langu la Jumamosi halikuondoka. Barabara ilifungwa Nesitu, na kila siku ilikuwa ifunguliwe kesho. Chini ya turubai wabunge walirudi mmoja mmoja. Mzee alisema alituambia. Dereva, aliyekwama upande huu na lori tupu, alisema pia alituambia. Mganda aliuza vipuri vyake vyote kwa jirani, akafunga kamba kwenye sanduku, akawa wa kwanza kila asubuhi kwenye ofisi ya mabasi, tiketi aliyoikata mapema ikiwa mfukoni. Mama Chai alichemsha chai. Maji yangu ya kuchovya aliyaleta kama zamani, akashika beseni, na aliponikabidhi alitazama beseni.

Baada ya siku kumi na moja basi moja likaruhusiwa. Ofisi ilisema tiketi za zamani zitakubaliwa kwanza, mpya hakuna. Watu walilia pale nje. Nilirudi saluni, nikafungua droo, nikaitoa yangu chini ya visokoto.

Sitajipamba: nilikaa nayo mkononi muda mrefu. Mimi pia nina mama. Mimi pia nilikuwa nimelala na viatu siku kumi na moja. Hewa ya kontena lile ilinikaba kiasi kwamba nilikuwa nikisuka nywele mlangoni, mguu mmoja nje.

Asubuhi ya safari Mama Chai alimleta binti ili nizichovye zile ncha, kwa sababu siku ile tulizisuka bila maji moto na zilikuwa zimeanza kufumuka. Alidhani mtoto atapata tu misuko inayokaa. Safari alikuwa ameshakata tamaa nayo. Nilichovya, nikakausha kwa taulo. Kisha nikampa tiketi. Nikamwambia Mganda yupo kwenye basi hilo hilo, atashuka na mtoto Nimule, na dada yake wa Adjumani atampokea hapo.

Aliisoma. Kakuma walimfundisha kusoma vizuri. Nilisahau kwamba kwenye tiketi huandikwa siku ya kusafiri na siku ya kununua, zote mbili, kwa kalamu ya bluu. Nilimwona macho yake yakishuka mstari hadi mstari yakasimama. Jumanne. Aliyatoa kwenye karatasi akanitazama, akatazama kiti alichokuwa amekalia siku ile aliponibusu mkono, kisha akarudi kwenye karatasi.

Aliikunja mara mbili akaitia kifuani. Alimshika binti mkono wakatoka, na binti akageuka mlangoni akanipungia, nywele zake zikiwa bado zinadondosha maji.

Miezi mingi imepita tangu hayo. Binti yuko Adjumani, anasoma chini ya hema lile ambalo mama yake aliapa hatalijua. Mabasi sasa yanaenda kila siku, na watu wa kwetu huniuliza kwa nini sirudi nyumbani. Kila nikienda kwenye ofisi ile, naona kalamu ya bluu, nageuka. Nimebaki humu ndani na kioo changu. Mama Chai yuko pale pale mbele ya mlango. Chai yangu anaileta saa nne kama zamani, na hajaniuliza swali hata moja tangu siku ile, hata la hali ya hewa.

Wale mama walirudi. Walisuka matuta, walicheka, waliniletea manukato ya Nairobi. Turubai limepata wabunge wapya, na mzee amehamia kwenye ushuru wa China.

Juzi Jumatatu, yule wa sauti ya upole aliingia, akakaa, akagusa kipaji chake. "Ndogo ndogo," alisema. "Kama uzi." Nilisuka siku nzima. Alipoondoka sikungoja hata gari lipinde kona. Nilitoka na aproni yangu, nikavuka mpaka kwenye jiko, mbele ya wanaume wote waliokuwa wamekaa pale, nikasema kwa sauti, nisijali nani anasikia:

"Mama, leo mmoja ameomba ndogo."

Alikuwa anachochea makaa. Hakuinua kichwa.

"Wawili," akasema. "Yule wa Ijumaa umemsahau. Siku hizi nikishika beseni naangalia mikono yako, dada. Mdomo wako siuangalii."

Akanimiminia chai, akanisukumia kikombe, akaendelea na makaa yake.